Malka ya Chini na Faili ya Salome

Jumatatu, 3 Februari
Ng'ombe wote wa huku hunywa maji kwa idhini yangu. Wabishe wanaobisha. Mimi ndiye katibu wa kamati ya malka, zile njia za mifugo kushukia mtoni katikati ya mashamba. Nisipobandika karatasi ya zamu mlangoni pa ofisi, hakuna mfugaji ajuaye ashukie wapi. Leo nimefungua faili yangu kwenye kompyuta. Kikatokea kile kijidirisha cha kuuliza-uliza. Nikakiondoa. Nikaprinti, nikabandika. Kazi safi.

Jumanne, 4 Februari
Salome, binti wa dada yangu, kasifiwa tena mkutanoni. Yeye hushika faili ya hali ya malka: ipi wazi, ipi imefungwa. Tangu mwezi jana kaiunganisha na yangu kwa mtandao. Akiandika neno kwake Idsowe, eti lajileta lenyewe kwenye faili yangu hapa Garsen. Wazee wakapiga makofi. Mimi niliyemkemea mamba kule Kau akarudi majini kinyumenyume (mashahidi wapo, ila wamehamia Nanighi) sikupata hata kofi moja. Mwenyekiti akasema huenda faili zote mbili zikapewa mtu mmoja. Hakunitazama mimi.

Jumatano, 5 Februari
Nina wivu. Basi. Mtoto niliyemfundisha kuogelea.

Alhamisi, 6 Februari
Balaa. Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma, kasoma karatasi yangu: malka ya chini, wazi. Akashusha ng'ombe. Kumbe mto ulishakula ukingo tangu Jumapili. Jike lake la maziwa likazama topeni hadi shingoni. Wapokomo waliokuwa wakilima wakatupa majembe, Waorma wakaleta kamba, wakavuta pamoja. Likatoka linatetemeka. Nguvu zangu ndizo zilizolitoa, ingawa nilikuwa mwisho kabisa wa kamba.

Barisa akanigeukia mbele ya watu. "Katibu, karatasi yako nzuri. Sasa msomee ng'ombe wangu."

Walicheka mpaka wenye matope usoni. Nikasema faili ya Salome ndiyo iliyooza.

Ijumaa, 7 Februari
Kamati imefungua faili zote mbili. Yake: imefungwa, tangu Jumapili. Yangu: wazi. Salome akanitazama. Nilingoja aniumbue. "Mjomba hana kosa," akasema. "Labda kiungo nilichoweka kimekatika."

Wazee wakamsimamisha kazi palepale. Nilidhani nitafurahi. Heshima yake imeniuma kuliko kicheko cha Barisa.

Jumamosi, 8 Februari
Dada hakupokea simu.

Jumapili, 9 Februari
Kumetulia. Nimetoka kanisani, nikapitia ofisini peke yangu. Nimefungua faili. Kijidirisha kile kikatokea, kikauliza kama nataka habari mpya kutoka faili nyingine. Nikabonyeza cha kukubali. Papo hapo malka ya chini ikageuka: imefungwa. Kiungo kizima, hakijakatika popote.

Nimebandika karatasi mpya. Nimempigia mwenyekiti, nikamwambia amrudishe mtoto kazini, mimi nimeshamsamehe. Akanisifu kwa moyo mkubwa. Nikakubali sifa.

Kijidirisha hicho hutokea kila asubuhi. Siku zote nilielewa kinauliza nini. Nilikikatalia kwa sababu faili hiyo nyingine ni ya Salome.