Shavu la Kushoto na Macho ya Mzee

Nyumba ya Kona, Nyuma ya Zahanati,
Tarehe 9 Machi.

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Muumba wa nyuso na Mjuzi wa yaliyomo nyoyoni.

Mpendwa binti wa kaka yangu,

Amani na rehema za Mola zikushukie hapo ulipo, wewe na mumeo na kichanga mnachokilea. U hali gani, mwanangu? Koo lililokusumbua wakati wa baridi limepona? Sisi huku hatujambo, kwa fadhila Zake. Magoti yangu hulalamika nikipanda ngazi, lakini bado yananifikisha kwa wanawake ninaowasomesha dini, na mtu wa umri wangu hana haki ya kudai zaidi ya hapo.

Barua yako niliipokea kwa furaha. Nakushukuru kwa kunieleza kwa utulivu zile njia tatu ambazo kliniki unayofanyia kazi huzitumia kutengeneza ngozi: mwanga wa leza, dawa ya kubambua, na sindano ndogondogo. Ulinisihi nichague leza. Sikuichagua, na adabu inanitaka nikueleze sababu, maana ushauri uliotolewa kwa mapenzi haukataliwi kwa kimya.

Unakumbuka habari ya mafuta ya moto yaliyonirukia jikoni, wewe ukiwa umekwisha kusafiri. Yaliliacha shavu la kushoto na makovu yenye mikwaruzo kama ukuta usiopigwa lipu, na juu yake doa jeusi linaloenea kiganja cha mtoto. Wakati huo mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunika mume wangu macho yote mawili. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Mikwaruzo aliijua kwa vidole. Doa hakuliona, wala mimi sikuona sababu ya kumsimulia rangi mtu asiyeiona.

Alipopangiwa siku ya upasuaji, nyumba nzima ilifurahi, nami nilifurahi mbele zao. Nilipobaki peke yangu nilishika kioo. Mwanangu, nimewafundisha wanawake kwamba pambo la mja ni tabia yake, na ninaamini hivyo mpaka leo. Lakini sura ya mwisho aliyoiona mume wangu ilikuwa nzima, na nilitamani aikute kama alivyoiacha.

Nilimwendea kwanza sheikh aliyenisomesha, nikamwuliza kama yafaa mtu mzima kama mimi kwenda kwa daktari kuishughulikia ngozi yake. Akanijibu kwamba kutibu jeraha si kuukosoa uumbaji. Kisha akapunguza sauti, akaniuliza kama daktari huyo hushughulikia na upara.

Baba yako yeye alikuwa upande wako. "Dada, leza ndiyo mambo ya siku hizi," alisema. "Unaingia asubuhi, unatoka unang'aa. Hayo mengine ni kulima shamba kwa kijiko." Unamjua baba yako, hata chai huinywa kabla haijapoa, kisha akalaumu kikombe.

Aliyenitia hofu ni jirani yetu fundi cherehani, alipokuwa akinipima gauni. Yeye alipakwa dawa kali ya kubambua na msusi wake, ambaye ujuzi wake unaishia kwenye nywele, na mashavu yake yamebaki rangi mbili. "Nitazame vizuri, mama," aliniambia akiwa na pini mdomoni. "Kazi yangu ni kuunga vitambaa vya rangi mbalimbali. Sikujua kama na uso wangu utaungwa. Nenda kwa daktari, na akikwambia subiri, wewe subiri."

Nikaenda. Daktari wa ngozi ni binti wa rika lako, mwenye chumba kidogo, kiti kinacholala, na taa yenye mkono mrefu. Alivuta taa, akalinyoosha shavu kwa vidole viwili. Kisha akauliza: "Bibi, unataka nini kwanza, ulaini au rangi?"

"Rangi," nikajibu.

"Na unaitaka lini?"

Nilipomtajia siku ya upasuaji wa mzee, aliisukuma taa pembeni, akakaa.

Alinieleza kwamba leza huichoma ngozi kwa kipimo ili iote upya, na ngozi nyeusi kama yetu, ikichokozwa kwa joto, mara nyingine hujibu kwa weusi zaidi, hasa pale palipokwisha kuungua. Hakuikataa moja kwa moja. Alisema ipo mikono iliyoizoea na mashine zinazoifaa ngozi yetu, lakini mashine aliyonayo yeye hangethubutu kuielekeza kwenye shavu langu. Dawa laini ya kubambua ingelififisha doa kidogo kidogo, kwa miezi, nami nikilikwepa jua. Sindano ndogondogo huiamsha ngozi ijijenge yenyewe kutoka ndani. Hatari yake kwa watu wa rangi yetu ni ndogo zaidi, na kazi yake kubwa ni ulaini.

"Hakuna hata moja itakayoiwahi siku hiyo, Bibi," akamaliza. "Atakayekuahidi, mkimbie."

Nilirudi nyumbani na fikra isiyonipendeza. Wakati wa chakula cha mchana nikamwambia mume wangu, kama mtu azungumzaye habari za mawingu, kwamba pengine upasuaji ungeahirishwa mpaka joto lipungue.

Akaweka kijiko chini. "Joto limefanya nini?"

"Vidonda havikauki vizuri wakati wa joto."

"Daktari wa macho kasema hivyo, au wewe?"

Nikajishughulisha na sahani. Akatikisa kichwa taratibu. "Mke wangu, mtu humficha kipofu jambo kwa sababu mbili tu: ama amekula nyama peke yake, ama kuna mgeni chumbani. Nyama nimeipata. Haya, mgeni ni nani?"

Basi nikamweleza habari ya doa, lilivyo na mahali lilipo, na kwamba niliogopa alione. Alinisikiliza hadi mwisho, akasogeza sahani yake aongezewe mchuzi. "Upasuaji uko palepale," akasema. "Mimi nataka kuuona mlango kabla haujanigonga. Wewe nitakuona njiani, nikielekea mlangoni."

Siku ya kufunguliwa bandeji nilikaa karibu na dirisha, shavu la kushoto likielekea kwake. Nilisema moyoni, ikiwa ni kuonekana, na nionekane mara moja. Muuguzi akaiondoa bandeji, akamfuta. Mzee akapepesa, machozi yakamtiririka, kisha akanitazama. Alinitazama kwa muda wa kutosha dua nzima, najua kwa sababu niliisoma.

"Mbona hakuna aliyeniambia?" akauliza.

"Habari ya doa?" nikauliza.

"Doa gani? Kwamba umezeeka."

Muuguzi akageukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nami, mwanamke wa kusomesha watu dini, nilicheka mpaka ushungi ukaniteleza. Mzee akadai aletewe kioo, ili ithibitike kwamba yeye alibaki kama alivyokuwa. Alijitazama kwa makini, akakirudisha kwa muuguzi. "Mpelekeeni mwenyewe kioo chake," akasema. "Huyu babu simjui."

Doa alilichunguza baadaye, nyumbani, tukiwa wawili. Alinigeuza uso kwenye mwanga, akapitisha kidole pembeni mwake pote. Alisema alidhani mafuta yaliniuma kidogo tu, kwa jinsi nilivyonyamaza siku ile, na kwamba alisikitika kutoyaona maumivu yangu wakati yalipokuwepo. Sikuhitaji neno jingine.

Haraka yangu ikaishia hapo. Niliporudi kwa daktari wa ngozi, mzee alinisindikiza, akisoma kwa sauti kila kibao tulichokipita, hata cha kukataza kutema mate. Daktari akauliza tena lile swali lake la ulaini au rangi, na kabla sijafungua kinywa mzee akanitangulia: "Rangi mimi sina ugomvi nayo, daktari. Lakini vidole vyangu vimeishi na mikwaruzo hiyo muda mrefu. Navyo vifikiriwe." Nilitazama sakafu. Daktari alitazama karatasi zake kwa bidii kubwa.

Tukachagua sindano. Alijaribu kwanza mahali padogo chini ya taya, akangoja mpaka aliporidhika kwamba ngozi haikugeuka rangi. Kabla ya kuanza hupaka dawa ya ganzi, na baada yake uso huwasha na kuvimba kidogo, kisha hutulia. Mikwaruzo imeanza kulala. Doa limefifia pembeni; katikati bado lipo, nami silisukumi. Ushungi, niliokuwa nikiuvutia shavuni kulificha doa, sasa nauvaa kwa ajili ya kichwa tu. Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza alama ile ni ya nini, nikamjibu ni ya mafuta, tukaendelea na somo.

Kwa hiyo usihuzunike kwamba sikuifuata leza yako. Huenda mashine za huko zinaifaa kila ngozi, na wewe wazijua kuliko mimi. Ninachokuomba ni kimoja: akija hapo mtu mwenye ngozi kama yangu na haraka kama yangu, kabla hujamwonyesha mashine, mkalishe umwulize haraka hiyo ni ya nini.

Nisalimie mumeo, na mama mkwe wako ambaye bado namdai ziara. Mbusu mtoto kwa niaba yetu sote. Baba yako anakusalimu, na fundi cherehani naye. Tayari nimempeleka kwa daktari yuleyule, safari hii mimi nikiwa msindikizaji. Mzee anakusalimu kwa namna ya pekee, na anataka picha zako, kubwa, maana sasa anazidai picha za kila mtu.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na wote walalao chini ya paa lako, aibariki mikono yako katika kazi yake, akupe subira mahali penye pupa na kicheko mahali penye hofu, na atukutanishe tukiwa na macho ya kuonana. Amina.

Ni mimi shangazi yako, akupendaye na akuombeaye kila alfajiri.