Kasuku wa Mama

Kwako dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na mama alitulea kwa adabu, si kwa sababu moyo unataka. Hali yako siulizi, najua u mzima, maana simu yangu haipumui kwa kupigwa na wewe. Sipokei. Nikipokea nitatamka maneno yasiyorudi mdomoni, ndiyo maana nimeshika kalamu. Sisi huku hatujambo. Nimesema sisi, usome tena vizuri.

Kwanza, ahsante kwa zawadi ya siku yangu ya kuzaliwa. Ulikuja mwenyewe na tiketi, ukanikumbatia pale pale kwenye cherehani, ukasema kwamba tangu mama aanze kusahau sijatoka hata kufika mtaa wa pili, niende nje ya nchi na shoga zangu nikatembee, wewe utakaa naye mpaka nirudi. Nililia, dada. Nikakuonyesha dawa zake, nikakuonyesha na lile kapu lake la vipande. Nilikueleza polepole, kama ninavyomfunza mtu kazi: asubuhi mpe kapu, atachambua mabaki ya vitambaa vyangu, vyekundu huku, vya maua kule, na kutwa nzima atakuwa ametulia tuli. Akishalala, vichanganye tena, ili kesho naye awe na kazi ya kuamkia. Uliitikia ndiyo, ndiyo, huku unatazama kucha zako.

Haya, tukaenda. Tulikuwa mimi, yule jirani yetu mwalimu tunayemwita Miwani, na Cheko msusi, anayecheka hata msibani. Mji ni mzuri, siwezi kuukashifu kwa sababu yako. Barabara za mawe, mabasi ya watalii yasiyo na paa, watu wazima wanakunywa kahawa mchana kweupe kana kwamba hakuna aliyewaajiri. Tulipanda mnara, Miwani akatueleza kila jengo lilijengwa lini, na nusu alikuwa anabuni tu. Kwenye jumba la makumbusho nilisimama mbele ya gauni la malkia mmoja aliyekufa zamani, nikakagua mshono. Pindo lilikuwa safi, limeshonwa kwa mkono, ila kwapani limevutwa, na fundi wake alilijua hilo akanyamaza. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuniangalia. Nilifurahi, sikatai.

Lakini kila nilipotaka kupiga simu nyumbani, mambo yalikuwa yale yale. Laini yangu haikufanya kazi ugenini, kwa hiyo nilitegemea simu ya Miwani. Juu ya mnara, mtandao hakuna. Kwenye boti, chaji imekwisha. Hotelini, mama amelala, tusimsumbue. Mama halali mchana, hilo nalijua mimi. Nikajituliza kwamba mtu aliyezoea mzigo hata akiutua bado anausikia begani.

Siku yangu yenyewe walinipeleka kwenye mkahawa wa juu ghorofani, mji wote uko chini yetu. Keki ikaja na mishumaa, wahudumu wakaimba kwa lugha yao. Cheko hakucheka. Aliniuliza nimeomba nini, nikasema nimeomba nimkute mama kama nilivyomwacha. Basi mwenzangu akaangua kilio, wanja ukamtiririka hadi kidevuni. Akasema hawezi tena. Akasema wewe uliwaomba wanishughulishe mpaka mama awe amehamishiwa nyumba ya kutunzia wazee, kwa kuwa nikiwapo sitakubali, na nikirudi nitakuta limekwisha, nitakushukuru baadaye. Miwani alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Kumbe! Safari nzima nilikuwa kama mtoto anayeonyeshwa ndege juu ili achomwe sindano.

Nilirudi mapema kadiri nilivyoweza, nikaenda moja kwa moja alikopelekwa mama, sikupita hata nyumbani. Chumba walichompa ni kisafi, sitasema uongo, na muuguzi ni mtu mwema. Ndiye aliyeniambia kwamba tangu mama afike hali chakula, anachomoa nyuzi za blanketi na kuzipanga magotini, nyeupe kwa nyeupe, kwa kuwa rangi nyingine hakuna. Walidhani ugonjwa umezidi. Nikauliza kapu liko wapi, akasema wewe ulimwambia kwamba mama hana kitu kingine cha kuletwa. Kapu nililikuta kwenye pipa la taka nyuma ya nyumba yetu, limelowa mvua. Nilikuonyesha kwa mikono yangu miwili, dada, nawe ukaona takataka!

Najua utajibu nini. Utasema ulinihurumia, kwamba ujana wangu unaishia kwenye cherehani na kufua shuka za mama. Huenda ni kweli. Lakini huruma gani hiyo inayopita mlango wa nyuma? Ungekaa chini ukaniuliza. Na kwako kuna chumba cha wageni kinafagiwa kila siku na hamlali mtu, mbona hicho hakikukujia akilini? Nina hasira nawe, na sitaki ipoe.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mama hanijui. Ni muda sasa. Anayemjua ni Kasuku, jina alilokupa wewe utotoni kwa domo lako. Nikimwogesha ananiita Kasuku. Mwanzoni nilimsahihisha, akaogopa, akaanza kuuliza huyu mwanamke ni nani na Kasuku wake yuko wapi. Basi nikaacha, nikawa naitika. Kila dua, kila busu, kila ahsante mwanangu, vyote alikuwa anakupa wewe, mimi napokea tu. Hata siku ile nilipofungua mlango wa kile chumba, aliinua uso akasema Kasuku umenifuata, nilijua huwezi kuniacha. Nikamwambia ndiyo mama, nimekuja.

Kwa hiyo uelewe. Kwa mama, Kasuku hakumpeleka popote. Kasuku ndiye aliyekuja kumchukua, na mimi sitamwambia vingine. Ukitaka kuja, njoo, mlango sijaufunga. Ila piga hodi kama mgeni, na jina hilo usilitaje, limeshapata mwenyewe.

Naishia hapa, ananiita. Vipande nilivifua nikavianika, na leo ameshamaliza vyekundu. Ameniuliza namwandikia nani, nikasema ndugu yangu. Akafikiri sana, kisha akasema nimsalimie huyo mdogo wangu, nimwambie hana kinyongo naye, ila siku moja na yeye ajitahidi aje amwone. Salamu hizo zilikuwa zangu, dada. Nakuletea wewe, kwa sababu asiyekuwapo ni wewe.

Msalimie shemeji, na watoto wote.

Ni mimi,
mdogo wako.