Nitamwambiaje Mke Wangu Nampenda, na Kambi Nzima Inasikia?

Shangazi, naomba unisaidie kabla ndoa yangu haijaniponyoka, mimi ni msimamizi wa mafundi wa kuchimba visima, kazi yetu inatupeleka porini ambako hata redio inakoroma tu, na hapa tulipopiga kambi mtandao unapatikana sehemu moja, juu ya jiwe kubwa nyuma ya mahema, tena si kwa kushika simu mkononi, la, lazima uifunge kwenye ufito mrefu, uuinue juu, uweke spika, kisha upayuke kutoka chini, na maneno ya nyumbani nayo yanashuka kambi nzima ikisikia, mpishi, dereva, mafundi, wote wamekaa chini ya jiwe wakingoja zamu na kujifanya wanaangalia viatu vyao.

Sasa mke wangu, tumeoana mwaka huu, hakati simu mpaka nimwambie nampenda. Jioni ya kwanza akaniuliza, "Kipenzi cha roho, umekula?" Nikasema ndiyo. "Umenikumbuka?" Nikamjibu, "Taarifa nimeipata." "Basi sema unanipenda." Shangazi, mimi ndiye ninayewafokea wale watu kutwa, mtambo ukikwama wananitazama mimi, nikasema, "Hilo tutalishughulikia," nikashusha ufito. Kesho yake namsikia mpishi anamwambia dereva, "Mpelekee Kipenzi cha Roho chai yake," nikajifanya kiziwi.

Nikaona dawa ni moja, nikamwambia mke wangu mtandao unakatika, asinitafute, nikakaa kimya. Nilisahau kwamba mke wa dereva ni jirani yetu, na dereva anampigia kila jioni kwa ufito uleule, wakakutana dukani, nikaumbuka. Mke wangu akatuma ujumbe kwenye simu ya dereva, naye akausoma mbele ya watu, kwa upole kabisa: "Mwambie nimesikia mtandao upo kwa wenzake. Jumapili nasubiri aseme mwenyewe, asiposema nafungasha narudi kwetu." Nampenda huyu mwanamke mpaka naogopa, lakini nikipayuka pale juu nitawaongozaje tena watu wazima? Barua hii nimeigandisha kwa gundi ya mabomba, maana anayeileta mjini ni huyohuyo dereva.

Msimamizi, Chini ya Jiwe

SHANGAZI ANAJIBU

Msimamizi, pole, ingawa nimecheka kwanza ndipo nikakuonea huruma. Una sauti ya kushinda injini ya mtambo, halafu neno moja la mkeo limekukaba koo. Na ule uongo wako ni wa kitoto. Mwenzio yuko peke yake kwenye nyumba ambayo bado anaizoea, anangoja sauti yako kutwa nzima, unamwambia "tutalishughulikia". Kwani yeye ni pampu?

Nikwambie jambo usilolijua. Bahasha yako imefika pamoja na nyingine mbili, zenye vumbi lilelile na gundi ileile ya mabomba. Mmoja analalamika kwamba kila jioni anaishia kumuuliza mkewe habari za kuku, kwa sababu bosi wake amesimama chini ya jiwe amekunja uso. Mwingine hajamwambia mchumba wake neno tamu tangu mfike huko, anahofia utamwona mlegevu umwachishe kazi. Hivyo viatu wanaviangalia kwa sababu yako, baba.

Jumapili panda wewe wa kwanza. Usiwatume watu kuni, wala usianze na habari za mvua. Muombe mkeo radhi kwa kumdanganya, kisha mwambie unampenda, kwa sauti ileile unayoagizia mabomba. Watacheka, waache wacheke, kesho mtambo ukikwama watakutazama wewe tu.

Ukimaliza usishuke na ufito. Mkabidhi dereva, halafu nenda zako mbali asikuone, maana mkewe naye amechoka kuulizwa habari za kuku.