Sasa Tunajua Kusema Tuko Wapi

Dada Bahati,

Bwana Li yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu ungekuwa wa kwanza kuuliza.

Siku ile ulipoanguka ofisini umeshika kifua, Jerome alipiga simu mara moja. Aliyepokea akauliza kwa Kichina tuko wapi. Sisi, tunaobishania bei kwa Kichina mtaa mzima wa Dengfeng, tukabaki kusema "Xiaobei, Xiaobei," kana kwamba eneo zima la Xiaobei ni nyumba moja. Na gari la wagonjwa lilipofika, machela ikakwama koridoni kwenye marobota ya nguo. Dada yangu...

Nimeweka kalamu chini kidogo. Nimerudi.

Tulipokusindikiza uwanja wa ndege wa Baiyun kwa safari yako ya mwisho ya Mwanza, niliwaambia wenzetu: hapa hafi mtu mwingine namna hii. Bwana Li, mfungaji wetu wa mizigo, akaweka kamba kando, akatufundisha kutamka kwa Kichina mtaa, jengo na ghorofa, akiturudisha nyuma kila tulipokosea kupandisha au kushusha sauti. Tukagawana kazi: Jerome apige simu, Asha ashuke getini kuwapokea, mimi nishike lifti. Koridoni pasiwekwe kitu. Wateja walinuna. Mmoja aliuliza, "Neema, hii ni ofisi ya kago au hospitali?" Kwenye mazoezi Jerome alijifanya mgonjwa, kisha akaagiza chai akiwa amelala sakafuni. Ungecheka.

Jumanne tukiwa tunapakia mzigo wa kwenda bandari ya Huangpu, Bwana Li mwenyewe akadondoka. Niliganda, dada. Nilikuona wewe. Halafu nikamsikia Jerome akitaja anwani, polepole, bila kukosea, na sauti ya simu ikimjibu, "Hao, hao," yaani sawa, sawa. Miguu yangu ikaondoka yenyewe kuelekea kwenye lifti. Machela ilipita koridoni kama maji.

Daktari alisema gari lingechelewa kidogo tu, tungempoteza.

Leo nimempelekea supu hospitalini. Mkewe alinishika mikono, akanivutia kiti karibu na kitanda. Bwana Li akauliza kama kontena limeshaondoka. Nikamwambia anywe supu.

Wakenya wa ghorofa ya chini wameomba tukawafundishe. Tutaenda.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi, kila atakayeanza kazi hapa atajua kuita msaada kabla hajajua bei ya kitu chochote.

Mdogo wako,
Neema