Laini ya Mama Uliyokataa Ikatwe

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Pacha, tangu moyo wako usimame ukiwa peke yako ofisini. Hayo maneno, "peke yako," ndiyo yaliyoninyima usingizi mimi mkeo.

Majirani walikuita Fundi, wakakuletea hadi pasi zilizoungua. Nawe ulivyo, hukumkatalia mtu! Kazi yako hasa ilikuwa seva, ile kompyuta kuu iliyowaunganisha wagonjwa walioko nyumbani na wauguzi wao. Pacha walitaka kujua inawezaje kuwashika watu wote hao kwa pamoja. Ukawaambia, "Mhudumu mzuri wa mkahawa hagandi kwenye meza moja akingoja mteja achague. Anahudumia wengine, akiitwa anarudi. Na akipewa ujumbe, anaufikisha papo hapo, haulazi."

Kiharusi kilipomnyang'anya mama yako sauti, ulimwekea kispika na maikrofoni kando ya kitanda, na vingine mezani pako ofisini, mkaunganishwa kupitia seva hiyo. Seva ilizoea kukata laini iliyokaa kimya. Ya mama ukakataa ikatwe. "Kwani mnaongea nini siku nzima?" nilikutania. Ukasema, "Aliyenyamaza hajaondoka, mke wangu." Mama alikusikia ukichapa kwenye kompyuta na kuimba ovyo, maana sauti nzuri Mungu alikunyima. Akigonga ubao wa kitanda, unaitika, "Nipo, Mama," kazi inaendelea.

Mwezi uliopita alikuja mwenzako aliyekukuta siku ile. Tangu msiba alikuwa akitukwepa. Nikajikaza, nikamuuliza lile nililoliogopa: uliteseka peke yako?

"Hapana, shemeji," akasema, macho chini. "Nilikuwa chumba cha pili, nikasikia kwenye kispika chake ubao ukigongwa-gongwa bila kupumzika. Nilipoingia yuko sakafuni, anapumua kwa shida, na mama bado anagonga. Mumeo alijaribu kumwitikia, sauti haikutoka. Akatabasamu. Basi."

Tukamgeukia mama, aliyekuwa akitusikiliza kitandani. Machozi yalikuwa yakimtiririka, akaitikia kwa kichwa. Kumbe alijua siku zote, masikini, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ah, Fundi wetu! Nimelia upya, ila kilio hiki kina nafuu. Ulikuwa na mama yako.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mimi mkeo, pacha wako, dada yako mkubwa, shemeji na wakwe zako wote. Tutakukumbuka daima, mpenzi wetu, mpaka nasi tuitwe.