Jina Tusilolitaja Tena Nyumbani

Arusha,
3 Mei 1911

Mpendwa kaka Solomoni,

Shikamoo. Natumaini homa ya Tanga imekuachilia na kazi ya reli haikuumizi. Sisi miili ni mizima, mvua imenyesha, migomba imesimama. Mama yako anakula. Naanza na hayo kwa sababu yaliyobaki yamenishtua, na unajua mimi si mtu wa kushtuka.

Mdogo wako Lekishon alibatizwa siku ya Pasaka, akaitwa Gidion. Baba mkubwa, yaani baba yenu, hakumkataza. Aliporudi nyumbani, mzee alimwita kwa jina la siku zote, naye akajibu kwa furaha, kama alivyofundishwa: "Lekishon amekufa, baba. Amezikwa majini."

Kwetu neno hilo halichezewi. Mzee aliingia ndani. Kulipokucha alikuwa amenyoa nywele, na mama yako pia. Kibuyu cha maziwa cha Lekishon kilivunjwa. Tukaambiwa tusilitaje jina lake tena, kama tusivyotaja la marehemu yeyote. Nilidhani ni hasira. Nilipomtazama vizuri nikaona ni msiba.

Gidion alipokuja tena kutoka misheni, baba yake alimpokea mlangoni kama mpita njia.

"Karibu, mgeni. Kwenu ni wapi?"

"Kwetu ni hapa."

"Hapa palikuwa na kijana wangu. Hatumtaji."

Gidion alieleza sana kwamba kilichokufa ni maisha yake ya zamani, na kwamba yeye ni mwana yule yule. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Mmoja akasema hajawahi kuona maiti anayejitetea.

Kisha nikapewa mkewe, Nalepo, kama mjane wa ndugu. Mimi, kaka. Aliyejibu ni yeye.

"Hata mbwa wamemtambua," aliwaambia wazee. "Nyinyi mnamwita mgeni? Haya, basi mimi nimeolewa na mgeni."

Akambeba mtoto wao mgongoni, yeye na Gidion wakashuka misheni. Hakuna aliyewazuia. Mama yako aliwatazama mpaka wakapotea migombani. Midomo yake ilitikisika, lakini jina halikutoka.

Jana baba mkubwa aliniuliza kama huko pwani nako kuna maji ya namna hiyo. Nikasema maji yako mengi. Kisha akauliza: "Na mwanangu mkubwa, bado yu hai?"

Sikumjibu. Hapa nyumbani jina lako la ubatizo, Solomoni, ninalijua mimi peke yangu.

Nywele zake zimeanza kuota. Njoo, kaka, kabla hajanyoa tena. Na njiani ufikirie utaitikaje atakapokuita kwa jina alilokupa.

Nisalimie shemeji Ndeshi na rafiki yako Elisaria. Mungu aliyewalinda babu zetu, ambaye nawe unamwomba huko, akufikishe salama.

Wako akupendaye, kwa majina yako yote mawili,

Simel