Kulala Mara Tano Mchana Mmoja

Hawera,
22 Mei

Kwa Dada yangu Mereana,

Nakuamkia, Dada. Nakuamkia shingo upande, lakini nakuamkia, maana wewe ndiye uliyenitangulia kuzaliwa na Mama hawezi kunisamehe nikiruka salamu. Natumaini kifua cha shemeji Hohepa kimepoa na mapacha wameacha kukohoa. Huku mimi na Mama tu wazima. Mvua haikatiki, mlima hatujauona tangu Jumapili. Basi, salamu zimeisha. Sasa nisikilize, maana nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Najua ni wewe. Msimamizi wetu Grant alikataa kunitajia jina, akasema tu kwamba mtu wa karibu amepiga simu ofisini kuwaambia Tipene analala mezani uma ukiwa mdomoni. Mezani wapi, Dada? Hilo lilitokea mara moja tu, siku ya kuzaliwa ya Mama, na aliyeuchomoa huo uma ni wewe, mkacheka wote, nami nikacheka. Kumbe mwenzangu unaweka akiba! Tangu simu yako sijagusa usukani wa lori la maziwa. Miaka kumi na minne nimezunguka mashamba haya, mbwa wote wananijua, leo naambiwa nikae nyumbani kama kuku anayeatamia, mpaka nipimwe usingizi.

Na sababu ya kupiga simu naijua pia. Ni yale maziwa ya mwezi wa nne. Shemeji aliwachoma ng'ombe sindano za dawa, maziwa yakawa hayafai kunywewa, akasema alitundika kibao chekundu kwenye bomba la tanki ili dereva asichukue. Mimi nikasema hapakuwa na kibao. Nilivuta maziwa yenu, yakachanganyika na ya mashamba mengine sita, kiwandani yakapimwa, lori zima likamwagwa. Chupa za sampuli, zile ninazojaza kila shamba kabla ya kuvuta, zikaonyesha dawa imetoka kwenu. Mzee Corrigan, mwenye shamba, akamwita shemeji mzembe na mwongo mbele ya mapacha. Akasema mkataba wenu wa kumkamulia haurudiwi, na tarehe mosi Juni, siku wakamuaji wa nchi nzima wanapohamia mashamba mapya, nanyi mfunge virago. Ukaona bora nizame mimi aopolewe mumeo. Damu yako mwenyewe! Siku ile ya simu yako nilikuita majina ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu mapacha wamejua kusoma.

Basi nikusimulie hicho kipimo ulichonizawadia. Wiki mbili kabla yake wanakupa daftari, uandike kila siku umelala saa ngapi na umeamka saa ngapi, kama mtoto wa chekechea. Kisha unakwenda hospitali na nguo zako za kulalia. Wakanibandika nyaya kichwani kwa gundi nyeupe, nyingine kando ya macho, nyingine kidevuni, nyingine kifuani. Nikalala hapo usiku kucha, ili wahakikishe kwamba nimelala vya kutosha na nisije nikasingizia uchovu. Asubuhi nikakojoa kwenye kikopo, waone kama nimemeza vidonge. Nikaomba kahawa. Hakuna kahawa, hakuna chai nzito, hakuna sigara. Nilimuuliza yule mwanamke wa mashine, anaitwa Shirleen, kama hewa bado inaruhusiwa. Akasema inaruhusiwa, ila nisiitumie yote kwa kulalamika.

Kipimo chenyewe ni cha mchana. Kila baada ya saa mbili wanazima taa, unalala chali, unaambiwa ufumbe macho, utulie, ujiachie usingizi uje. Wanakupa dakika ishirini. Ukisinzia wanakuacha robo saa hivi, halafu wanakuamsha. Mara tano! Na katikati ya hizo tano huruhusiwi kulala hata kidogo. Nikiinamisha kichwa kwenye kiti, Shirleen anagonga kioo na kuniuliza kama ninatafuta sarafu sakafuni. Ukitaka kulala wanakuamsha, ukiamka wanakuzimia taa. Nani aliyebuni ujinga huu?

Mimi nikajiapiza kwamba hawanipati. Nikajua wakinikuta macho mara zote tano, Grant atanirudishia funguo na wewe utaumbuka. Kila taa ilipozimwa nilianza kutaja mashamba moyoni, moja moja, kwa mpangilio wa barabara. Taa ikiwashwa, Shirleen ananiuliza kama nimelala. Nikamwambia sikulala hata lepe. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilimwambia kwa ukali kwamba asinisumbue, nilikuwa macho makavu na nimemsikia mtu akikoroma chumba cha jirani. Akasema chumba cha jirani ni stoo ya mashuka.

Sikucheka. Nilimwambia mashine yao ni mbovu.

Wiki iliyofuata nikaitwa na daktari, mama mmoja wa Kisamoa, Daktari Amituanai, mtu mpole, na upole wake ulizidi kunichefua. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione ile mistari. Mara ya kwanza nililala baada ya dakika mbili na nusu. Ya pili, dakika tatu. Ile niliyosema nilikuwa macho makavu, dakika moja tu, Dada, na nilikuwa tayari naota. Nikabisha. Nikamwambia mimi nilikuwa nahesabu mashamba. Akaniuliza nilifika shamba la ngapi. Nikatafuta jibu, nikakuta sijawahi kuvuka la pili.

Akasema huu ni ugonjwa, si uvivu wala ulevi, na una dawa, na nikitulia kwa dawa huenda siku moja nikaendesha tena. Kisha akauliza, kwa sauti ileile ya upole, kama huwa natenda mambo kwa mikono yangu huku akili imelala. Alisema wagonjwa wake wengine hupika, huandika, huweka chumvi kwenye friji, na hawakumbuki chochote. Nilisimama nikamwambia mambo ya jikoni kwangu hayamhusu. Nikaubamiza mlango. Nikaenda kituo cha basi, nikaliacha basi la kwanza lipite.

Dada, kibao kilikuwepo.

Shemeji alikitundika kama alivyosema. Nilipohojiwa ofisini niliapa hapakuwa na kitu, na siku ile niliapa kwa moyo safi, kwa sababu sikukumbuka. Lakini kesho yake mchana nilifungua kopo langu la chakula, ambalo sikuwa nimeligusa tangu nivute maziwa yenu, nikakuta kibao chekundu juu ya mkate, nimekifunga vizuri kwa karatasi kama kipande cha nyama. Mikono yangu ndiyo iliyokitoa kwenye bomba. Nilikitazama mpaka mkate ukanishinda. Nikatembea hadi darajani nikakitupa mtoni Waingongoro, nikarudi kazini, nikanyamaza. Nikasikia shemeji akiitwa mwongo, nikanyamaza. Ulipopiga simu nikakutukana, na huku najua.

Jumanne nilikwenda kwa Grant nikamwambia yote. Akasema kampuni itaandika barua ya kumsafisha shemeji. Kutoka pale nikaenda kwa Mzee Corrigan, nikasimama bandani kwenye shamba lake jingine, mbele ya wakamuaji wa huko. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameshasaini na familia nyingine kutoka Waikato, wanaingia tarehe mosi na watoto wao, hawezi kuwageuza, na samahani yangu haikamui ng'ombe. Nilitaka kumkasirikia na yeye. Nikakosa pa kuanzia.

Bado nakukasirikia kwamba uliwapigia wao kabla ya kuniuliza mimi. Lakini ungeniuliza ningekudanganya, kwa hiyo hata hasira hiyo haina miguu. Nilimpigia daktari simu nikamweleza, naye anasema mkono uliokitoa kibao haukuwa na kosa, ulikuwa wa mtu aliyelala. Sawa. Lakini uliokitupa mtoni haukuwa umelala. Wiki sita hizi zote, Dada, nilikuwa macho.

Jumamosi nitakuja kuwasaidia kufunga mizigo. Mama ndiye atakayeendesha, maana mimi nimekatazwa, na unajua anavyoendesha, kwa hiyo tuombeeni. Yeye bado hajui habari ya kibao. Nitamwambia akishaegesha gari. Mwambie shemeji si lazima anifungulie mlango. Nitayasema nikiwa nje palepale, kwa sauti, na mapacha wawepo, kwa sababu nao walikuwepo baba yao alipoitwa mwongo.

Wape pole kwa kikohozi. Mama anawasalimu sana, na anauliza mna maboksi ya kutosha.

Mdogo wako,
Tipene